Sakafu nyeupe inayong'aa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu sakafu ya saruji iliyopigwa niru (saruji laini inayosawazishwa juu kwa mwiko), kama ilivyo katika nyumba nyingi za kwetu, pale mwenyewe anapoamua kuipaka rangi nyeupe ya kung'aa badala ya kuiacha kijivu, kuipaka nyekundu au kuiwekea marumaru. Naishi pwani na sakafu ya namna hiyo, kwa hiyo unyevu na chumvi vitatajwa sana. Msomaji wa Dodoma au Nakuru anaweza kuruka baadhi ya mambo, lakini sehemu ya maji asiiruke.

Kwa nini mtu achague nyeupe, wakati ndiyo inayoonyesha uchafu kuliko zote?

Kwa ajili ya mwanga. Chumba cha kawaida mjini kina dirisha moja lenye nondo, wavu wa mbu na pazia, na mbele yake kuna ukuta wa jirani. Mwanga kidogo unaofanikiwa kupenya hapo huangukia sakafuni kwanza. Niru ya kijivu huumeza, na nyekundu huumeza zaidi. Sakafu nyeupe inaurudisha juu, ukafika darini na kwenye zile pembe ambazo mchana kutwa huwa na kiza. Unachambua mchele au unatunga uzi kwenye sindano saa kumi jioni bila kuwasha taa.

Kuhusu uchafu, vumbi na mchanga vimo pia kwenye sakafu nyekundu, ila havionekani. Mtoto anayetambaa anaviokota huko huko na kuvitia mdomoni. Mimi nataka kuviona ili nivifagie.

Je, inapunguza joto?

Usiitegemee kwa hilo. Rangi nyeupe husaidia sana juu ya bati au kwenye ukuta unaopigwa na jua, kwa sababu hurudisha jua kabla halijageuka joto. Sakafu ya ndani haipigwi na jua kiasi hicho. Ubaridi unaousikia miguuni ni wa saruji yenyewe, na ulikuwepo kabla ya rangi.

Nitajuaje kama sakafu yangu inafaa kupakwa?

Hili ndilo swali la kuuliza kabla hujagusa pochi. Sakafu nyingi zinazobanduka hazikuharibiwa na rangi mbovu. Zilisukumwa na maji kutoka chini. Nyumba iliyojengwa bila kutandikwa nailoni nzito chini ya zege huvuta unyevu wa ardhini siku zote. Ikiwa niru iko wazi, unyevu huo hutoka taratibu na kuyeyukia hewani bila mtu kujua. Ukiifunika kwa rangi ya kung'aa, umeuzibia njia. Utaona malengelenge, kisha magamba, kisha ungaunga mweupe ambao ni chumvi iliyobebwa na maji hayo. Pwani mambo huwa mabaya zaidi pale fundi alipochanganya mchanga wa baharini.

Kipimo chake hakina gharama. Kata kipande cha nailoni angavu cha sentimita 45 kwa 45, kilaze juu ya sakafu iliyo safi na kavu, kisha ziba kingo zote nne kwa gundi ya tepu, pasibaki upenyo. Kiache usiku mzima, angalau saa 16. Ukikifunua ukakuta matone upande wa chini wa nailoni, au saruji imekoza rangi kuliko ilivyo pembeni, unyevu unapanda. Pima sehemu kadhaa: katikati ya chumba, karibu na ukuta wa nje, na karibu na ukuta wa bafu. Fanya hivyo wakati wa mvua. Sakafu inayofaulu Januari inaweza kushindwa Aprili.

Usichanganye hilo na sakafu kutoa jasho. Siku za masika hewa yenye mvuke hugusa saruji baridi na kuacha umande juu, hata kama chini pakavu kabisa. Nailoni itakuonyesha tofauti: ikiwa umande uko juu ya nailoni na chini yake ni pakavu, hiyo ni hewa tu.

Ikishindwa kipimo, ushauri wangu ni usipake rangi ya kung'aa. Tafuta kwanza maji yanatoka wapi, maana wakati mwingine ni bomba la bafu linalovuja au maji ya mvua yanayotuama ukutani. Kama ni ardhi yenyewe, unaweza kupiga niru mpya ya saruji nyeupe iliyolainishwa vizuri kwa mwiko. Haing'ai kama kioo, lakini inapumua, na weupe wake haubanduki.

Sakafu yangu ni mpya. Naweza kupaka lini?

Subiri siku 28, na kama ni msimu wa mvua ongeza. Saruji mbichi ina maji mengi, tena ina ukali kama wa magadi. Ukali huo ukikutana na mafuta yaliyomo kwenye rangi ya mafuta hutokea jambo lile lile linalofanywa makusudi kwenye sufuria ya sabuni ya mnazi: mafuta yanageuka sabuni. Rangi inalainika, inanata, kisha inaachia. Ndiyo maana fundi anayekwambia "tupige leo, kesho unahamia" hafai kusikilizwa.

Ilikuwa sakafu nyekundu, ikipakwa dawa ya kung'arisha kwa miaka mingi. Naweza kuigeuza nyeupe?

Unaweza, lakini kazi iko kwenye kuondoa nta, na hapo usiwe na haraka. Dawa zile za kopo ni nta na mafuta yaliyotiwa rangi, na nyumba iliyosuguliwa kwa nusu ganda la nazi au brashi kila Jumamosi kwa miaka imeishindilia ndani ya vitundu vya saruji. Hakuna rangi inayoshika juu ya nta.

Anza na maji ya moto, sabuni kali na brashi ngumu, na uyazoe yale maji mekundu kwa kitambaa badala ya kuyasambaza. Rudia mpaka maji yatoke safi. Baada ya hapo pita na tambara lililolowa roho ya tapentaini, madirisha yote wazi na jiko lisiwe karibu. Sakafu ikikauka, dondoshea matone ya maji hapa na pale. Tone likikaa limejikunja kama shanga, nta bado ipo. Likitanuka na kunyonywa, umemaliza. Wekundu uliozama ndani ya saruji yenyewe si tatizo, ila utahitaji mkono mmoja zaidi wa rangi (yaani tabaka moja zaidi) ili usionekane kwa chini.

Ninunue rangi gani?

Kwanza isiwe rangi ya ukutani, hata kama inang'aa na hata kama muuzaji anaapa. Kopo liwe limeandikwa kuwa ni la sakafu. Kuna aina tatu utakazokutana nazo, na kila moja ina tabia yake na weupe.

Rangi ya mafuta ndiyo rahisi kupatikana, inang'aa vizuri sana, na inashindwa pale pasipo na mwanga. Nyeupe ya mafuta hugeuka njano gizani. Ukisogeza kabati baada ya mwaka mmoja au miwili utakuta umbo lake limechorwa sakafuni kwa rangi ya siagi. Chini ya kitanda na chini ya zulia ni hivyo hivyo.

Epoksi huuzwa makopo mawili, moja la rangi na la pili la kuigandisha. Ni ngumu kuliko zote na hustahimili maji, sabuni na mafuta ya kupikia. Yenyewe ina ugonjwa wa upande wa pili: hugeuka njano juani. Mstari wa jua unaoingia mlangoni kila asubuhi utaonekana sakafuni hata mlango ukifungwa. Tena ukishachanganya makopo yale, saa inakimbia, na joto la pwani linaikimbiza zaidi. Mchanganyiko uliosahauliwa ndooni hupata moto wenyewe na kuganda pamoja na brashi. Changanya kidogo kidogo, kwa vipimo vilivyoandikwa, si kwa kukisia.

Ya tatu ni rangi ya maji ya sakafu, ya akriliki au poliyurethani. Inabaki nyeupe kuliko hizo mbili, haina harufu kali na inakauka upesi. Kung'aa kwake ni kwa wastani, na huchakaa mapema zaidi mahali panapopitwa sana.

Kwa hiyo mimi huangalia chumba. Chumba cha kulala chenye samani nyingi na mwanga mdogo, rangi ya maji. Jikoni mbali na jua, epoksi. Sebule yenye jua la kutosha na vitu vichache, rangi ya mafuta inatosha na inapendeza. Ziko pia poliyurethani za makopo mawili zinazopakwa juu ya epoksi kuikinga na jua, lakini kigandishi chake huweza kumsababishia mtu pumu ya kudumu, hivyo hiyo ni kazi ya fundi mwenye barakoa sahihi ya kemikali, si ya kitambaa usoni.

Kiasi gani kinatosha?

Kwenye niru laini hesabu mita za mraba 8 hadi 10 kwa lita kwa kila mkono. Chumba cha mita 3 kwa 4 kina mita za mraba 12. Mikono mitatu ni 36, ambayo ni kama lita 4, yaani galoni moja. Nunua zote kwa pamoja. Nyeupe ya kopo la leo na nyeupe ya kopo la mwezi ujao si lazima zifanane, na sakafuni tofauti hiyo inaonekana.

Kazi yenyewe inakwendaje?

Toa kila kitu chumbani. Ziba nyufa na vishimo, acha vikauke. Kisha ikwarue niru yote. Watu wengi huruka hapa kwa sababu niru yao ni laini na nzuri, na ulaini huo ndio unaoifanya rangi ishindwe kushika. Msasa wa namba 80, au mashine ya kukwangua kama eneo ni kubwa, mpaka sakafu iwe na mguso wa karatasi ngumu. Wengine hutumia asidi iliyozimuliwa. Ukiitumia, mimina asidi kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye asidi. Vaa glavu na miwani, iue kwa maji ya magadi, suuza mara kadhaa, na usiichanganye na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, maana hutoa gesi inayoua. Mimi nashauri msasa.

Fagia, pita na kitambaa kibichi, acha ikauke kabisa. Piga mkono wa kwanza wa praima (rangi ya msingi) au wa rangi iliyolegezwa kwa kadiri kopo linavyoelekeza. Brashi kwenye kingo, rola katikati, ukianzia ukuta wa mbali na kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Mikono miwili inayofuata iwe myembamba. Mkono mnene hukauka juu ukabaki mbichi chini, na mguu wa kwanza wa meza utaacha alama isiyofutika. Rangi ya mafuta iache saa 24 kati ya mkono na mkono.

Kabla ya kurudisha vitu, ihurumie. Miguu mitupu baada ya siku moja au mbili, samani baada ya wiki, zulia baada ya wiki kadhaa. Usiku wa kwanza, ukiwasha taa, funga madirisha, ama asubuhi utawakuta kumbikumbi wamelala kwenye rangi.

Msimu gani ni mzuri?

Pwani, kaskazi ikiwa imetulia, Januari na Februari, au kipindi cha kusi baada ya masika kwisha, Julai hadi Septemba. Epuka Machi hadi Mei. Epoksi ikipakwa kwenye hewa yenye mvuke mwingi huota utando wa mafutamafuta juu na kupoteza mng'ao. Siku yoyote ile, anza umande ukishakauka, maliza kabla ya magharibi.

Haitelezi?

Kavu, kidogo. Ikilowa, ndiyo, na maji juu ya weupe unaong'aa hayaonekani kirahisi. Nyumba yenye bibi au babu, au mama mjamzito, iwekewe chembe za kuzuia utelezi kwenye mkono wa mwisho angalau mlangoni na karibu na bafu. Huuzwa kama unga laini wa kuchanganya na rangi. Mng'ao utapungua mahali hapo, na ni sawa.

Jambo jingine linalosahaulika ni kidato. Ukuta mweupe, sakafu nyeupe na kidato cheupe huwa kitu kimoja kwa mzee mwenye mtoto wa jicho. Piga mstari wa rangi iliyokoza kwenye ukingo wa kila kidato. Huu si urembo wa hiari.

Kuisafisha ni kazi kiasi gani?

Ni kidogo kila siku, na nyumba zetu tayari zina mazoea hayo: viatu mlangoni, fagio asubuhi, deki baadaye. Adui mkubwa ni mchanga. Ukikanyagwa husaga mng'ao kama msasa, na ndiyo maana njia ya kutoka mlangoni kwenda jikoni hufifia kabla ya sehemu nyingine zote. Weka zulia la nje la kukung'utia miguu na jingine ndani. Fagia kwanza kwa fagio laini. Chelewa ziache za uani.

Deki kwa maji mengi ya baridi na sabuni kiduchu ya maji. Sabuni ya unga ikizidi huacha ukungu, halafu watu hudhani rangi imechoka, kumbe ni sabuni iliyokaukia. Ukiona ukungu, suuza kwa maji matupu mara mbili, kisha pangusa kwa kitambaa kikavu. Stilwaya na unga wa kusugulia sufuria visiguse kabisa. Wala usiipake nta: kwenye nyekundu nta ilikuwa pambo, kwenye nyeupe inakamata vumbi na kuwa njano.

Manjano, hina, embe, mkaa?

Futa mara moja, basi. Manjano yaliyokauka ondoa kwa maji ya sabuni ya uvuguvugu, kisha acha jua la dirishani lifanye kazi, maana rangi ya manjano hufifia yenyewe juani. Hina isipakwe juu ya sakafu hii bila kutandika kitu, ikizama haitoki. Juisi ya embe haidhuru ikifutwa mapema, na nyayo za mtoto aliyeikanyaga zitakuonyesha alikopita kote. Kaa la moto linaunguza rangi na hakuna dawa isipokuwa kiraka.

Mikeka, mazulia na viti je?

Mkeka wa ukindu ni rafiki wa sakafu nyeupe, na nyumba inayokula chini itafurahia mkeka wa rangi juu ya weupe. Zulia lenye mpira upande wa chini usilitandike: mpira huachia kemikali zinazotia rangi doa la kahawia lisilotoka kwa sabuni yoyote. Viti vya plastiki na vya chuma vivalishwe vipande vya kitambaa kinene miguuni. Vya plastiki kagua kila mara, maana chembe moja ya mchanga ikiganda chini ya mguu inachora mstari kila kiti kinaposogezwa.

Barazani na bafuni?

Baraza linalopigwa na jua na mvua, hapana. Bafuni hapana pia, weka marumaru zisizoteleza.

Nyumba yetu ni ya zamani, ya mawe, Mji Mkongwe.

Basi pole pole. Vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba kwa sababu urefu wa boriti za mikoko ndio ulioamua upana wake, na mwanga ni haba, kwa hiyo hamu ya sakafu nyeupe naielewa kabisa. Lakini sakafu za ghorofani ni mawe ya matumbawe na chokaa juu ya boriti. Zinacheza kidogo na zinapumua. Rangi ya kung'aa itapasuka, na unyevu uliozibwa utashuka kwenye boriti na kuziozesha. Chokaa itengenezwe kwa chokaa. Isitoshe, Mji Mkongwe wa Zanzibar uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000 na Mji wa Kale wa Lamu tangu 2001, kwa hiyo waone wahifadhi kwanza kabla hujamwita fundi.

Kuna rangi ya zamani sakafuni. Niikwangue?

Kama ni ya miaka mingi, usiikwangue kavu. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Lowesha, tumia msasa wa maji, watoto wasiwepo nyumbani, na mabaki yafungwe kwenye mfuko. Kwenye kopo jipya tafuta maandishi kuwa haina risasi. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani hakizidi sehemu 90 kwa milioni.

Niko Ulaya, sakafu yangu ni ya mbao.

Inawezekana, na watu wa Skandinavia hufanya hivyo kwa sababu ya giza la majira ya baridi. Ziba kwanza vifundo vya mbao kwa vanishi ya sheleki, la sivyo utomvu utapenya na kuacha madoa ya kahawia. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa majira, hivyo mistari kati yake itapasuka rangi kila mwaka. Kama umepanga, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi.

Inadumu muda gani, na nikiweka kiraka kitaonekana?

Inategemea miguu mingapi inapita na mchanga kiasi gani inaleta. Njia kuu zitaomba mkono mpya mapema. Pembe za chumba hukaa miaka mingi. Kiraka kidogo katikati ya chumba huonekana, kwa sababu kilichozunguka kimeshafifia. Usipake duara. Chagua mpaka unaoeleweka, kama kizingiti, mstari wa ukuta au ukingo wa zulia, piga msasa mwepesi wa namba 180 hadi hapo, safisha vumbi, kisha paka eneo lote. Hifadhi rangi iliyobaki kwenye chupa ndogo iliyojaa hadi juu, si kwenye kopo kubwa lenye hewa, na uandike juu yake aina, chumba na tarehe.